Chombo chenye Matundu Sita

Nilikuwa na miaka kumi na tisa nilipoiharibu bastola ya Wazungu kwa mchanga wa mtoni. Nataka ieleweke mapema kwamba sikukusudia, maana nina wajukuu wanaoisimulia habari hii shuleni kana kwamba bibi yao alikuwa anapigania uhuru. Sikuwa napigania kitu. Nilikuwa naosha vyombo, na nilikuwa naviosha vizuri, na huko kuviosha vizuri ndiko kulikoniponza.

Ilikuwa miaka ya hamsini, Mbeya, upande wa Iyunga. Mimi ni Mhehe, nimezaliwa Iringa, nikaolewa na Mnyakyusa niliyempenda kwa sababu alikuwa mrefu na hakuwa na maneno mengi. Miezi miwili baada ya ndoa akaenda Chunya kuchimba dhahabu, akaniacha kwa wazazi wake. Dhahabu yenyewe hatukuiona, ila hayo nimekwisha kumsamehe.

Baba mkwe wangu alikuwa mtunza bunduki wa klabu ya walowezi, mahali ambapo Wazungu wenye mashamba walikutana kila Jumamosi kulenga shabaha. Alikuwa amepigana vita huko Burma, akarudi anazijua silaha kuliko waliomfundisha. Kwa kazi hiyo alipewa nyumba ya matofali yenye bati, pembeni ya uwanja wa klabu. Nyumba ilikuwa ya kazi. Kazi ikiisha, nyumba inarudi kwa wenyewe, na sisi sote tunarudi kijijini Rungwe kuanza kukata nguzo. Kila mtu pale nyumbani alilijua hilo, na mama mkwe alilitaja karibu kila siku, hasa mvua ikinyesha.

Sasa nieleze jambo moja, maana bila hilo hamtanielewa. Kwa Wanyakyusa wa siku zile, mkamwana, yaani mke wa mtoto wa kiume, hakuonana na baba mkwe wake. Sisemi kwamba hawakupatana. Hawakuonana kwa macho. Akija huku, wewe unakwenda kule. Mkikutana ghafla njiani unajifunika kanga, unageukia majani, unachutama mpaka apite. Humtaji jina, humsemeshi, na yeye hakusemeshi wala hakutaji. Ndiyo heshima. Kwetu Iringa heshima ipo pia, lakini baba mkwe unamsalimia, unampa kiti, maisha yanaendelea. Pale nilikaa miezi mitatu nikimjua mzee kwa buti zake na kikohozi chake tu. Na yeye, mzee wa watu, alikuwa anahangaika vilevile. Kila akifika kwenye kona alikohoa ili nipate nafasi ya kukimbia, mpaka mgeni mmoja akamletea dawa ya kifua.

Mama mkwe alinieleza sheria siku ya kwanza, akihesabu kwa vidole. Ukimwona usoni kwa bahati mbaya, utatoa kuku. Ukimtazama makusudi na kumjibu neno, unarudishwa kwenu na mzigo wako mpaka wazee wakae.

"Na wazee wetu," akasema, "hawana haraka ya kukaa."

Mimi nina mdomo, kila anayenijua anajua. Nilikuwa naukunja siku nzima mpaka jioni taya linauma. Lakini mdomo ulikuwa shida ndogo. Shida kubwa ilikuwa sufuria. Wiki ya kwanza mama mkwe alichukua sufuria niliyoosha, akaitoa nje juani, akaigeuza, akaiinua kama daktari anayetazama jicho. Kisha akaniuliza kwa upole kama huko Iringa tunakula gizani. Nilikasirika, nikaenda mtoni nikachota mchanga mkali, nikasugua sufuria zote za nyumba ile, kwanza kwa mchanga, halafu kwa jivu lililochekechwa, mpaka ukizitazama unaona meno yako. Mama mkwe akaitoa moja juani, akaigeuza, akairudisha jikoni. Wiki iliyofuata akanitafutia kazi ya kuosha vyombo vya klabu, na hiyo kwake ilikuwa sifa.

Nyuma ya klabu kulikuwa na kibanda chenye meza moja ndefu. Upande wa kulia mzee alifanyia kazi zake za bunduki, upande wa kushoto mimi niliosha vikombe. Hatukuwamo wakati mmoja. Nikija, anakohoa, anatokea mlango wa nyuma. Asubuhi moja mwenyekiti wa klabu alimwita mzee ghafla akamsaidie kuteremsha mbao kwenye gari. Nilipoingia nikakuta kopo la mafuta ya taa limeachwa upande wangu, katikati ya visahani, na ndani yake kuna kitu cha chuma, kinene, cha mviringo, chenye matundu sita yaliyojaa masizi.

Sikuwahi kuiona bastola ikiwa imefunguliwa. Hata ikiwa imefungwa sikuwahi kuiona kwa karibu. Niliyoyajua mimi ni haya: mke wa mwenyekiti alikuwa na vijiti vya kuchokonolea meno, vinakaa kwenye kiglasi, na kiglasi kile kilikuwa kimevunjika Jumamosi iliyopita. Nikafikiri, haya, wamenunua cha chuma kisichovunjika. Sita wanachokonoa kwa mpigo. Na mtu akaona ni kichafu sana akakiloweka, akaniwekea mimi.

Nikachonga ufito wa mwanzi, nikaufunga kitambaa chenye maji, nikauchovya kwenye mchanga, nikaanza na tundu la kwanza. Nikauzungusha. Nikatia mchanga mwingine, nikauzungusha tena. Masizi yakatoka, kikabaki chuma cheusi, nami sikutaka cheusi, nilitaka cheupe. Jasho lilinitoka na baridi ile ya Juni. Matundu sita yalinichukua asubuhi nzima. Jivu sikulipitisha, maana wakati wa chai ulikuwa umefika, nikakisuuza, nikakianika juu ya kitambaa, nikakiacha kinametameta. Nilijisikia vizuri sana.

Mzee aliporudi nilikuwa nimejibanza nyuma ya mlango wa stoo. Nikamsikia anapiga mluzi. Macho yake ya karibu yalikuwa yamechoka, na miwani yake ilikuwa na kioo kimoja tu. Usiku kupitia ukutani nikamsikia akimwambia mkewe kwamba mafuta ya taa ya kopo lile ni dawa, yanakula masizi yenyewe, hajaona mafuta kama hayo tangu Burma. Wala sikushuku kitu. Mimi mafuta ya taa nilijua ni ya taa.

Jumamosi ikafika. Ile bastola ilikuwa ya mwenyekiti mwenyewe, mtu mnene mwenye shamba la kahawa, na aliipenda kuliko mbwa wake. Baadaye mzee alimweleza mkewe namna inavyofanya kazi, nami nikaelewa kwa kusikiliza ukutani. Unatia risasi sita kwenye matundu. Unapiga sita. Kisha unaikunja katikati kama mkasi, na kidude chenye umbo la nyota kinainuka na kuyasukuma maganda matupu nje, yanaanguka, unatia mengine sita. Siku ile mwenyekiti alipiga sita, akaikunja, na maganda hayakuanguka. Akaitikisa. Akaigongagonga kwa kiganja. Mwisho mzee akaletwa akayatoa moja moja kwa msumari.

Ndipo balaa likaanza. Mzee alikuwa mtu wa utaratibu, akaanza kutafuta ugonjwa hatua kwa hatua, na kila jioni mkewe alipewa ripoti, na mimi nikaipata bure. Kwanza akasema ni uchafu, akasafisha kwa brashi, yakanasa. Akasema labda mafuta yamezidi, akakausha kila tundu kwa kitambaa, yakanasa. Akasema risasi ni za zamani, zimeingiwa na unyevu, mwenyekiti akafungua boksi jipya kwa uchungu mkubwa, yakanasa. Akasema ni baridi ya Mbeya, chuma kimejikunja. Siku hiyo mwenyekiti aliingia kibandani akakuta bastola yake imelazwa karibu na jiko, imefunikwa blanketi mpaka shingoni.

Mpishi wa klabu alisema wazi kwamba ni uchawi, klabu ya Iringa imetuma mtu, kwa sababu mashindano ya Mbeya na Iringa yalikuwa karibu. Mzee alikuwa mzee wa kanisa, akakataa kusikia habari hizo. Lakini mama mkwe aliniambia kwamba Jumapili ile mzee alibaki kanisani baada ya wenzake kutoka.

Kilichomsumbua zaidi ni hiki: kabla haijapigwa, risasi iliingia kwenye tundu na kutoka yenyewe ukiinamisha tu. Ikishapigwa, ganda linang'ang'ania. Alisema moto wa baruti hulitanua ganda kidogo, kisha likipoa hunywea, ndivyo Mungu alivyopanga. Sasa kitu gani kinalishika lisitoke, hilo ndilo hakuliona.

Mwenyekiti naye hakuwa na subira ya kuliona. Siku nne kabla ya safari ya Iringa alisimama mlangoni pa nyumba yetu, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani: "Iringa nakwama tena, wewe kwisha. Kazi kwisha, nyumba toka." Mzee akasema ndiyo bwana. Mvua haikuwa inanyesha, lakini mama mkwe alitazama bati juu kwa muda mrefu.

Jioni hiyo mama mkwe alikuja jikoni na ganda moja tupu mkononi. "Mzee anasema lina alama," akasema, "anadhani kiwandani wamekosea. Wewe macho yako mazima, hebu tazama."

Nikalishika karibu na moto. Lilikuwa na mikwaruzo imelizunguka, mstari juu ya mstari, duara juu ya duara. Alama zile nilizijua. Ndizo zinazobaki ndani ya sufuria ukiisugua kwa mchanga bila kuipitisha jivu. Nikamuuliza mama mkwe ganda hili lilikaa wapi ndani ya bastola. Akasema kwenye kile kiduara chenye matundu sita.

Nikamrudishia ganda haraka. Nikatoka nje.

Niliporudi nilitaka kumwambia. Wallahi nilifungua kinywa. Lakini mama mkwe alikuwa ameinua sufuria ya mboga anaitazama, akasema, bila kunigeukia, kwamba majirani wanamuuliza alimpata wapi mkamwana anayesugua hivi, na yeye anawajibu kwamba wasubiri zamu yao. Ilikuwa mara ya kwanza kunisifu kwa mdomo tangu niingie nyumba ile. Nikafunga kinywa. Kesho yake nikakifungua tena, akaniambia nifunge mlango, moshi unaingia. Siku ya tatu nikasema nitamwambia safarini. Nilikuwa mwoga, basi. Watu wanadhani mwenye mdomo si mwoga.

Safari ilikuwa ya lori la mwenyekiti. Wazungu walikwenda na magari yao madogo, na lori likabeba masanduku ya bunduki, masanduku ya vikombe, mpishi, mzee, mama mkwe na mimi. Kati yangu na mzee walipanga masanduku mpaka yakawa ukuta. Mnajua ilivyo kusafiri Mbeya mpaka Iringa kwa barabara ya vumbi ya siku zile, kutwa nzima, na kuna mtu mmoja humo garini ambaye hutakiwi kumwona? Pale Nyololo dereva alisimama tunywe maji. Mzee akakohoa, akashuka kulia. Mimi nikashuka kushoto. Yeye akazunguka mbele ya gari kutafuta kivuli, mimi nikamsikia, nikazunguka nyuma. Akaona kanga yangu ikipotea, akageuka kwa heshima akarudi alikotoka, tukakutana tena ubavuni mwa gari. Tulilizunguka lori lile mara tatu, wote wawili kwa adabu kabisa, mpaka wauza ndizi wakaacha biashara wakasimama kutazama. Mama mkwe akanikamata akanisimamisha nyuma ya gurudumu. Hapo ndipo nilipopanga kumwambia, nikamkuta anahema kwa kucheka, nikashindwa tena.

Uwanja wa Iringa ulikuwa nje ya mji, kwenye mteremko wenye upepo. Kutoka pale niliweza kuona upande wa nyumbani kwa mama yangu, na hiyo haikunisaidia. Tulitandika turubai kati ya nguzo mbili: huku meza ya chai na moto wangu, kule sehemu ya mzee na zana zake.

Duru ya asubuhi mwenyekiti akapiga sita. Akaikunja bastola. Hakikuanguka kitu. Wenzake wa Iringa walikuwa wanatia risasi za pili, yeye anachokoa kwa kalamu. Wakamwangalia kwa huruma, na nadhani ile huruma ndiyo iliyomuua. Akaja mpaka kwa mzee, uso mwekundu, akamtupia bastola kwenye mapaja. Mzee akaomba apewe muda mpaka baada ya chakula. Mwenyekiti akasema mpaka baada ya chakula, halafu hataki kumwona tena.

Nilimsikia mzee ng'ambo ya turubai akizungumza peke yake. Si uchafu. Si mafuta. Si risasi. Si baridi. Aliyarudia kama mtoto anayesoma hesabu asizozielewa, na sauti yake ilikuwa imepungua. Mama mkwe alikuwa amekwenda kuchota maji. Mume wangu yuko Chunya. Hapakuwa na mtu wa kupitishia neno isipokuwa mimi, na mimi sikuruhusiwa kuwa na neno. Nikatazama huku na huku. Mbele yangu kulikuwa na birika la chai.

"Birika," nikasema kwa sauti, nimelipa turubai mgongo. "Kuna mtu alikuta chombo chenye matundu sita kwenye kopo la mafuta ya taa. Akadhani ni cha vijiti vya meno. Akakisugua ndani kwa mchanga."

Buti moja likasogea.

"Birika," mzee akasema, "muulize huyo mtu, mchanga gani."

"Wa mtoni, birika. Ule mkali."

"Alisugua kwa kwenda mbele na nyuma, au alizungusha?"

"Alizungusha."

"Muda gani?"

"Asubuhi nzima, birika."

Nikasikia pumzi ndefu ikitoka. "Birika," akasema, "huyo mtu ana mikono."

Nilitaka ardhi ipasuke. Lakini yeye sauti yake ilikuwa imerudi, ya fundi aliyekwisha kuuona ugonjwa. Akalieleza birika kwamba ganda likitanuka huingia kwenye ile mikwaruzo ya kuzunguka, likajishikiza humo, ndiyo maana linaingia vizuri na kutoka linakataa. Dawa ni kuilainisha mikwaruzo, lakini hana unga wa kung'arishia, umebaki Mbeya. Nikaliambia birika kwamba mtu akikosa unga huo, lipo jivu. Sufuria iliyokwaruzwa na mchanga hurudishwa kwa jivu laini lililochekechwa kwa kitambaa na kutiwa mafuta kidogo, kila mwanamke anajua. Mzee akafikiri. Akasema birika lilete jivu.

Nikachota jivu la moto wangu, nikalichekecha kwa upindo wa kanga mpaka likawa kama poda, nikaliweka kwenye kisahani cha klabu chenye maua, nikakisukuma chini ya turubai kwa kijiti. Kisahani kikarudi kitupu na kikohozi kimoja. Nikakijaza. Basi tukafanya kazi hivyo, mimi nachekecha, yeye anasugua, mbele na nyuma, bila kuzungusha, mgongo kwa mgongo. Mama mkwe aliporudi na ndoo akanikuta nabishana na birika kuhusu kiasi cha mafuta. Alituangalia, akaweka ndoo chini taratibu, akakaa.

Mchana mwenyekiti akapiga sita, akaikunja. Matano yakaanguka yenyewe. La sita akaligusa kwa ukucha, likafuata. Ningependa kusema alishinda. Alipiga vibaya sana. Risasi zake zilikwenda kila mahali isipokuwa palipochorwa, na safari hii hakuwa na ganda la kusingizia. Mbeya ikashindwa mbele ya watu wote, na yeye akaja kwetu akitafuta wa kumlaumu.

"Nini iliharibu?" akamuuliza mzee. Nilisikia kila kitu, nimesimama na kitambaa cha meza mkononi.

"Matundu yalikwaruzwa, bwana. Kwa mchanga."

"Nani nakwaruza?"

"Mimi, bwana."

Sikuamini masikio yangu. Halafu nikaelewa. Asingeweza kunitaja. Hata kama angetaka, mkamwana hatajwi, na nadhani hakutaka. Mwenyekiti akasema basi amepata jibu lake, mtu anayeosha bastola kwa mchanga atoke, na nyumba anaitaka kabla ya mwisho wa mwezi. Mzee akasema ndiyo bwana. Alisema vilevile kama alivyosema siku zote, ndiyo bwana, na ile ndiyo ilinichoma.

Nikatoka nyuma ya turubai. Kitambaa cha meza nilikuwa nimejifunika nacho kichwani, nikakivua. Nikamtazama baba mkwe wangu usoni, mara ya kwanza maishani mwangu. Alikuwa na uso mdogo kuliko nilivyodhani, na pua yake ilikuwa na jivu.

"Mzee anasema uongo, bwana," nikasema. "Ni mimi niliyesugua."

Nikaeleza yote, kopo, vijiti vya meno, mwanzi, asubuhi nzima. Mke wa mwenyekiti, aliyekuwa anajua Kiswahili kuliko mumewe, alianza kucheka nilipofika kwenye vijiti vya meno. Alicheka mpaka akashika meza. Akawatafsiria wengine, wa Iringa nao wakacheka, na mwenyekiti akatazama huku na huku, nikaona namna jambo lilivyomwingia: sasa alikuwa na sababu nzuri ya kushindwa, na ya kuchekesha, ya kusimulia kila mezani atakapokaribishwa. Naye akacheka. Akampiga mzee begani, akasema basi, basi, kazi ipo, nyumba ipo, lakini mwanamke huyu aoshe vikombe tu.

Wazungu wakaenda zao kunywa, wakidhani mambo yamekwisha.

Upande wetu hakuna aliyecheka. Mpishi alikuwa ameshika kijiko hewani. Mama mkwe alikuwa amejifunika kanga kichwa kizima kana kwamba kuna msiba. Nilikuwa nimemtazama baba mkwe makusudi, nikasema mbele yake, na neno nililosema ni kwamba yeye ni mwongo, mbele ya watu. Kati ya vidole alivyonihesabia mama mkwe, hakikuwapo hata kimoja cha kosa kubwa kiasi hicho. Dereva, aliyekuwa mkubwa kwa umri kati ya Wanyakyusa waliokuwapo, alipanda garini, akauchukua mzigo wangu, akauweka chini kwenye majani.

Wakaenda kukaa nyuma ya lori, dereva, mpishi na mzee, na mama mkwe akasimama karibu kusikiliza. Mimi nikakaa juu ya sanduku la vikombe. Kwa mama yangu palikuwa mwendo wa saa moja kwa miguu, ningefika jua lingalipo, na chakula kingekuwapo, na hakuna mtu ambaye ningemkimbia. Siku zote tatu za mwanzo kule Iyunga nililia nikitaka jambo hilo hilo. Sasa nilikuwa sitaki. Nilitaka kurudi Mbeya kwenye baridi, kwenye sufuria za yule mama na kikohozi cha yule mzee, na niliogopa kuachwa.

Mama mkwe alirudi akitembea polepole. Akasimama mbele yangu, kanga imeshuka mabegani.

"Dereva anasema umemtukana mzee, uteremkie hapa hapa kwenu, mumeo atajua la kufanya," akasema. "Mpishi amekubali. Wakamuuliza mzee yeye anadai nini."

"Akasema nini, mama?"

"Hadai. Anasema mkamwana wake hakumtukana. Anasema alidanganya kweli, na walikuwepo watu wengi pale, na ni mmoja tu aliyemkataza. Chukua mzigo wako, panda garini."

Nililia pale juu ya sanduku mpaka vikombe vikagongana.